Kidole cha Tano

Barazani kwa fundi cherehani, siku barua ilipofika, tulikuwa watu sita. Nilikuwepo mimi na pasi ya mkaa mkononi, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kupiga pasi nguo alizoshona fundi. Alikuwepo mdogo wangu anayenifuata, wa miaka kumi na mitatu, ambaye barua ilimhusu. Alikuwepo kitinda mimba wetu, amekaa sakafuni anapanga vipande vya vitambaa kwa rangi. Alikuwepo shangazi, dada yake baba, aliyekuja na treni kutoka Usoke. Alikuwepo fundi mwenyewe, mzee wa mjini Tabora, kofia nyeupe kichwani na tepu ya kupimia shingoni. Na alikuwepo karani wa simu za maandishi wa stesheni, kijana wa soksi ndefu, aliyekuja kuchukua kaptula yake na akakubali kutusomea.

Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja alidai alisikia vingine. Mimi najua nilichosikia. Nilikihesabu kwa vidole.

Baba alikuwa kibarua wa reli, katika lile genge lililopita na nyundo kukaza mataruma. Alikufa kwa kifua. Masika yaliyofuata mama naye akamfuata, akatuachia chumba kimoja cha udongo nyuma ya soko, jembe moja na sufuria mbili. Nilikuwa darasa la nne. Nilimaliza wiki ile, nikarudisha kibao cha shule, nikaenda kwa fundi kuomba kazi. Hakuniuliza naweza nini. Alinipa pasi, akaniambia nikiunguza shati moja nitalivaa mwenyewe mpaka lichakae. Sikuunguza.

Mdogo wangu alibaki shuleni. Hilo nililiamua siku ileile niliyorudisha kibao, wala sikumshauri mtu. Alikuwa na kichwa cha kushika mambo. Alipofaulu darasa la nne nilimwomba mwalimu wake atuandikie maombi kwenye shule ya wasichana ya misheni, iliyokuwa mbali kaskazini, safari ya lori kupita Nzega. Barua ilikwenda wakati wa kiangazi. Mvua zikaanza, jibu hakuna.

Shangazi alikuja na mvua hizo. Kule Usoke walikuwa wameanza kulima tumbaku, na miche ilikuwa tayari kuhamishwa. Mikono ilihitajika. Hakuwa mtu mbaya. Alimlilia baba kuliko sisi wenyewe, na kila mavuno alituletea michembe, viazi vikavu gunia zima. Lakini alikuwa na mumewe mgonjwa na shamba lisilongoja, na kwake msichana wa miaka kumi na mitatu anayekaa bila kazi alikuwa jembe lililoachwa nje linyeshewe. Tukapatana mbele ya fundi. Shule ikimtaka, aende shule. Ikimkataa, Alhamisi apande treni na shangazi kwenda Usoke. Nilikubali kwa kinywa changu, na sikuwa na desturi ya kurudisha neno.

Barua ilifika Jumanne.

Karani aliifungua kwa kisu cha mfukoni, akaipitia kwanza kimya, halafu akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, polepole, ili tumsikie kuwa anakijua Kiingereza. Kisha akaikunja nusu.

"Poleni," akasema. "Nafasi ni chache."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Kwetu Tabora neno hilo lilijulikana. Ukienda kuomba kazi relini hawakwambii hakuna. Wanakwambia nafasi ni chache. Ukienda kuomba kiwanja, viwanja ni vichache. Ni namna ya kufunga mlango bila kuubamiza.

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani. "Chache maana yake mwenzako kashakaa," akasema.

Niliuliza mistari mingine inasema nini. Karani akatazama tena, akasema huko chini ni habari za mablanketi na siku ya kufika, mambo ya hao watakaokwenda. Alikuwa na haraka ya kurudi kwenye zamu. Akachukua kaptula yake, akanirudishia barua kwa mikono miwili, kwa heshima, jambo ambalo nililikumbuka baadaye nilipotaka kumchukia.

Shangazi alisema neno moja tu: "Basi." Mdogo wangu hakulia. Alikwenda nyumbani kufunga kanga zake.

Sasa nieleze habari ya vidole. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitufundisha Kiingereza miezi ile michache niliyobaki shuleni, na sehemu kubwa ilikuwa imla. Alisema sentensi mara moja, sisi tunakunja kidole kwa kila neno tulilolisikia, kisha tunaandika, kisha tunalinganisha maneno yaliyoandikwa na vidole vilivyokunjwa. Aliyebakiwa na kidole alikuwa amepoteza neno, na karibu kila mara neno lenyewe lilikuwa "a" au "the". Tuliyapoteza kwa sababu hatukuona kazi yake. Kiswahili chetu hakina kitu kama hicho. Mtu akikuambia mtoto amekuja, unajua ni mtoto gani kutokana na mazungumzo. Kama hujui, unauliza. Mwalimu alikuwa akipita na fimbo, hapigi, anaionyeshea tu ile herufi ndogo na kusema kwamba hicho si kinyesi cha nzi, ni neno kama wewe ulivyo mtu.

Karani aliposoma, vidole vyangu vilijikunja vyenyewe chini ya kanga. Vilikunjwa vinne. "We have few places." Vinne.

Mchana nilipopumzika, niliitoa barua na kuiweka juu ya meza ya pasi. Niliweka kidole kwenye kila neno la mstari wa kwanza. Yalikuwa matano.

Nilihesabu tena kuanzia mwisho. Matano. Kati ya neno la pili na lile nililolisikia kama "few" palikuwa na "a" imesimama peke yake, ina nafasi kulia na kushoto kama mtu aliyetengewa kiti. Sikujua inafanya nini pale. Nilijua tu kwamba ipo, na kwamba karani hakuisema.

Nilimwonyesha shangazi. Hakujua kusoma, lakini aliitazama kwa makini, akaikaribia mpaka pua ikagusa karatasi.

"Hiki kijidudu?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Unataka kubishana na karani wa serikali kwa ajili ya kijidudu?"

"Sijabishana naye bado," nikamwambia. "Leo Jumanne. Treni ni Alhamisi. Nipe kesho."

Alisema kesho si yake kutoa, ni ya Mungu, niichukue kama naiweza. Fundi naye alinipa ruhusa, ila alinitania kwamba amewahi kusikia watu wakitembea kufuata ng'ombe aliyepotea, hata kuku, lakini herufi ndio kwanza.

Mwalimu wa mdogo wangu alikuwa amekwenda kwao likizo, na wangu wa zamani alikuwa ameacha kazi. Nilisikia amerudi kijijini kwake, kwenye njia ya Ujiji, anafuga nyuki. Niliondoka alfajiri, barua nimeifunga kwenye pindo la kanga. Njia ile ndiyo iliyopitwa na misafara. Babu yake baba aliipita mara saba na pembe ya ndovu begani, na kwetu mtu aliyekwenda pwani akarudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Sasa ilikuwa njia ya wanawake wanaokwenda kuuza karanga. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo unashika miguu. Njia nzima nilikuwa nikisema yale maneno matano, kidole kwa neno, nisije nikalidondosha lile dogo kama karani.

Nilimkuta uani kwake saa nne hivi. Alikuwa amekaa juu ya gogo, anashona gome la mti kuwa mzinga, anatoboa na kupitisha kamba. Nilipiga hodi, nikapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Sauti hiyo ilikuwa inakaa dirishani. Ulikuwa humalizi ada, lakini vidole ulikuwa unamaliza."

Ndipo nilipoona macho yake. Yalikuwa na ukungu mweupe, yote mawili. Alikuwa akishona kwa kupapasa. Nilisimama pale na barua yangu, nikahisi safari yote imeingia maji. Nadhani alihisi kimya changu.

"Umeleta karatasi," akasema. "Kila anayekuja hapa na kimya cha namna hiyo ameleta karatasi. Soma."

Nikamwambia sijui Kiingereza.

"Sikukuuliza kama unakijua. Soma herufi."

Basi nikasoma herufi. W, e. Akasema "we", sisi. H, a, v, e. "Have", tunazo. Nilipofika pale nikasema kuna a.

"A na nini?"

"A peke yake."

"Si doa la wino?"

"Ina tumbo na mkia, mwalimu."

Akaweka chini sindano yake ya mti. Akaniambia niendelee, nikamtajia f, e, w, na neno lililofuata. Akauliza aliyenisomea alisemaje. Nikamwambia: nafasi ni chache. Akacheka kwa puani, cheko lisilo na furaha.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinyoosha mkono ukutani, akashusha vibuyu viwili vya asali, akanitikisia kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa na kiasi kilekile, chini kabisa. Akasema msimu haukuwa mzuri. Kisha akaniuliza: jirani akija, yeye akamwambia "asali yangu ni kidogo", jirani huyo atafanya nini?

"Ataaga," nikasema.

"Na nikisema, 'ninayo asali kidogo'?"

"Atakwenda kuleta bakuli."

"Asali imebadilika?"

"Haijabadilika."

"Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza nimemwonyesha kilichokosekana, mara ya pili nimemwonyesha kilichopo. Sisi tunageuza sentensi nzima. Mzungu hageuzi kitu. Ameitia tofauti yote kwenye hiyo herufi yako yenye tumbo. Ukiitoa, nafasi ni chache, nenda nyumbani. Ukiiweka, nafasi chache zipo, lete bakuli."

Nilikaa chini. Sikuwa nimeambiwa nikae.

Akanifanya niisome barua yote kwa herufi, na kila neno dogo akanisimamisha. Mstari wa pili ulianza na "any". Akasema hilo ni yeyote: hawajachagua mtu, wanasema msichana yeyote atakayefika. Lilipokuja "her own" mbele ya blanketi, akasema hilo ni lake mwenyewe, si la kuazima wala la kulala wawili. Ilipokuja "the" mbele ya Jumatatu, akanigonga kwenye kifundo cha mkono kwa kidole.

"Jumatatu ipi?"

"Sijui."

"Unajua. Akisema 'a', ni Jumatatu yoyote ile, anakuletea mgeni. Akisema 'the', anasema ile ambayo wewe na yeye mnaijua. Rudi nyuma utafute ameitaja wapi."

Nilirudi nyuma, nikaikuta juu, karibu na tarehe: Jumatatu ya kwanza baada ya sikukuu ya Krismasi. Zilibaki siku kumi na mbili. Sijawahi kufurahia hesabu kama ile.

Kisha akasema barua haijibiwi kwa miguu tu, lazima mtoto aende na karatasi mkononi. Alikuwa na daftari kuukuu na kipande cha penseli. Alinitajia maneno kwa herufi, mimi nikaandika kwenye goti. Sentensi za kwanza zilikuwa zake. Ilipofika kusema mimi ni nani, akaniambia niitunge mwenyewe kwa maneno niliyokwisha kuyapata, nione kama nimejifunza. Nilifikiri sana. Kisha nikaandika, na kumsomea: "I am the her sister."

Alipiga kelele kama ameumwa na nyuki. Nikauliza kosa liko wapi. Sisi tunasema dada yake yule, maneno mawili yanakaa bega kwa bega nyuma ya dada, hayagombani. Nilitaka "the" kwa sababu mimi ndiye yule, hakuna mwingine nyumbani. Nilitaka "her" kwa sababu ni mdogo wangu.

"Kiti ni kimoja," akasema. "Mbele ya neno linalomtaja mtu, Mzungu ameweka kiti kimoja. Akikaa 'the', 'her' anasimama nje. Akikaa 'her', 'the' anasimama nje. Chagua."

"Kuna tofauti kubwa?"

"Ukiandika 'the sister', unawaambia kwamba wewe ndiye mwenye nyumba. Ukiandika 'her sister', unawaambia kwamba wewe ni wake."

Siwezi kusema nilikaa muda gani. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye mzinga uliotundikwa karibu. Tangu mama afe nilikuwa nimeshika nyumba ile kwa meno, na neno lililosema hivyo kwa herufi tatu lilinipendeza sana. Lakini yeye alikuwa anakwenda mahali ambapo hamjui mtu. Nilifuta "the" kwa mate na kidole, karatasi ikachubuka kidogo, nikabakiza "her".

Nilipoaga alinipa kimoja kati ya vile vibuyu viwili, asali kidogo ya mdogo wangu, na kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza, kilicholiwa na mchwa kwenye jalada. Nilimwambia sina cha kumpa. Kwetu kibuyu cha mtu hakirudishwi kitupu. Nikamwahidi nikivuna ulezi nitakileta kimejaa.

"Ulezi ninao," akasema. "Kijaze kwa kitu nisichokuwa nacho. Siku utakapokuja, ufungue ukurasa mmoja wa kitabu hicho, wowote, unisomee kwa Kiingereza bila kuruka neno dogo hata moja. Mimi nitakunja vidole. Hapo kibuyu kitakuwa kimejaa."

Niliona ameomba kitu chepesi.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea karani barua stesheni, kwenye dirisha lake. Sikwenda peke yangu. Shangazi alikuja na mzigo wake kichwani kwa sababu treni ilikuwa saa sita, mdogo wangu na wake, na fundi akafunga cherehani akasema hawezi kukosa mashtaka ya herufi. Nilimwamkia karani, nikaomba anisomee tena mstari wa kwanza, lakini aweke kidole kwenye kila neno.

Alianza kwa haraka kama juzi. Kidole chake kilipita juu ya "a" bila kugusa.

"Umeruka moja," nikasema.

"Hiyo haina maana," akasema. Hakukasirika. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto: kwenye simu maneno hayo wanayatoa yote, "a" na "the" na wenzao, kwa sababu kila neno linalipiwa na habari inafika bila hayo. Tangu aanze kazi amekwisha kuyatoa maelfu. Mteja akileta karatasi yake, kazi yake ya kwanza ni kuyakata kwa mstari.

"Kwenye simu mnayatoa kwa sababu yanalipiwa," nikamwambia. "Hapa yameandikwa bure. Aliyeandika angeweza kuacha, hakuacha."

Fundi akakohoa. Karani akaivuta barua karibu na mwanga. Nilimwona akisoma upya, safari hii midomo haichezi. Masikio yake yakawa mekundu, maana alikuwa mweupe wa ngozi. Mashine nyuma yake ilikuwa inagonga na hakuna aliyeishughulikia. Kisha alifanya jambo ambalo wengi wenye soksi ndefu wasingelifanya. Alitoka nyuma ya dirisha, akaja tulipo, akamgeukia shangazi.

"Mama, nilisoma kwa mkono wa simu," akasema. "Nafasi chache zipo. Binti yeyote atakayefika Jumatatu ile atapokewa, mpaka zitakapojaa."

Shangazi akamtazama, akanitazama. "Ni kile kijidudu?"

"Ni hicho, shangazi."

Alisimama pale na mzigo kichwani mpaka treni ikasikika kutoka upande wa Goweko. Nilijua anachohesabu: miche ya tumbaku, mume kitandani, mikono miwili aliyokuja kuichukua na sasa anarudi bila hiyo. Neno letu lilikuwa wazi, na yeye pia hakuwa na desturi ya kurudisha neno. Mdogo wangu alishusha mzigo wake mwenyewe, bila kuambiwa, akauweka upande wangu.

Treni iliposimama, shangazi aliuliza barua inataka nini zaidi. Nikamwambia blanketi. Akauliza tunalo? Tulilokuwa nalo tulilala watatu. Akasema basi watalala watatu huko. Nikamwambia haiwezekani, barua imesema lake mwenyewe. Nikamtajia na neno lenyewe kwa Kiingereza, "her own", kwa kuwa nilikuwa na siku moja tu tangu nilijue na lilikuwa linaniwasha mdomoni.

Alifungua mzigo wake. Blanketi lake lilikuwa la kijivu lenye mistari myekundu, alilojifunika usiku kwenye behewa la daraja la tatu. Alilitupa mikononi mwa mdogo wangu kama mtu anayetupa kuni.

"Nilitaka kusema atanirudishia," akasema. "Lakini kumbe wamesema lake. Basi na liwe lake."

Akapanda. Hakutupungia, alikuwa anatafuta mahali pa kukaa.

Mdogo wangu alikwenda na lori la mwenye duka mmoja aliyefuata karanga Nzega, Ijumaa kabla ya Jumatatu ile, karatasi yangu ndani ya kitabu chake, asali amekwisha kuila njiani kabla hawajapita Lusu, kama alivyoniandikia. Kibuyu nilikibakiza, asali nilimtilia kwenye chupa. Alipokewa. Waliobaki nje nasikia walikuwepo, waliofika Jumanne.

Karani aliendelea kutusomea barua za mdogo wangu kwa mwaka mzima, akiweka kidole kwenye kila neno, mpaka nikaanza kuzisoma mwenyewe. Kitabu kile nilikiweka chini ya meza ya pasi. Wakati mkaa unashika moto nilisoma nusu ukurasa. Wakati pasi inapoa, nusu nyingine. Nilijifunza "some" na "any", na kwamba "each" anawatazama watu mmoja mmoja na "every" anawatazama wote kwa pamoja. Nilijifunza kwamba "an" ni "a" aliyeogopa kugongana na irabu. Fundi alilalamika kwamba namwaga Kiingereza juu ya mashati ya watu.

Mavuno ya pili niliona niko tayari. Nilikichukua kibuyu, nikaenda njia ileile, nikapiga goti, nikafungua ukurasa niliokuwa nimeufanyia mazoezi mwezi mzima. Mwalimu, aliyekijua kitabu chake kwa moyo, alikunja vidole, anafungua, anakunja tena, mikono yote miwili. Nilisoma vizuri. Nilisikia mwenyewe kwamba nasoma vizuri, na hapo ndipo nilipoharakisha. Karibu na mwisho akainua kidole kimoja juu, hakikukunjwa.

"Kuna 'the' hapo," akasema.

Nilitazama. Ilikuwepo.

Nilimsihi anihesabie hiyo kuwa imesomwa. Akanirudishia kibuyu changu, yaani chake, kikiwa kitupu, na kunipa kitoweo cha kurudi nacho nyumbani. Alisema hana haraka.

Mwaka uliofuata kitinda mimba aliugua, na mwaka wa baada ya huo fundi alianguka na duka likawa langu kulishika. Nilijiambia nitakwenda baada ya mvua. Kisha mwanamke mmoja wa upande ule aliyekuja na karanga sokoni akaniambia kwamba mzee wa nyuki wamemzika, tena siku nyingi.

Mdogo wangu alipomaliza shule akawa mwalimu, na aliposikia habari hii aliniambia atanisaidia, ataenda kaburini kwake kusoma ukurasa ule, yeye haruki neno. Nilimkataza. Aliyeombwa ni mimi.

Kibuyu kiko ukutani, kwenye msumari, juu ya meza ya pasi. Kila asubuhi, mkaa ukishika, nafungua ukurasa wowote na kusoma kwa sauti, na mkono wangu wa kushoto unakunja. Siku nyingine vidole vinalingana na maneno. Jana niliruka "an", mstari wa tatu kutoka chini.